Mtoto husoma kwa sikio kabla ya jicho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu mjadala ambao umeendelea humu kwa muda sasa: kama mtoto wa chekechea, yaani mwenye umri wa kati ya miaka 4 na 6, yuko tayari kufundishwa kusoma. Waliotangulia kuandika wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaoona kwamba mtoto asiyejua kusoma anapoingia darasa la kwanza amekwisha kuachwa nyuma, na wapo wanaoona kwamba kumketisha mtoto wa miaka 4 mbele ya kitabu cha kusomea ni kumnyang'anya utoto wake. Nimefundisha watoto wa umri huo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kila upande kati ya hizo mbili nimewahi kuushabikia kwa wakati wake, kwa hiyo sina haki ya kumcheka yeyote. Ninachotaka kusema ni kwamba pande zote mbili zinabishania umri wa kuanza, kana kwamba kusoma ni kitu kimoja chenye siku yake ya kuanza. Kusoma ni stadi kadhaa zinazokomaa kwa nyakati tofauti, na ile inayokomaa mapema kuliko nyingine ndiyo tunayoifundisha kidogo kuliko zote, nayo ni kusikia sauti zilizomo ndani ya maneno.

Katika miaka yangu ya mwanzo ya ualimu, mtoto wa kike wa miaka 4 na nusu aliniomba anisomee kitabu. Alikishika sawasawa, akapitisha kidole chini ya mistari, akasoma kwa sauti ya msimuliaji, akiipandisha na kuishusha panapostahili. Katikati ya hadithi alifunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, na hadithi ikaendelea kinywani mwake kana kwamba hakuna kilichorukwa. Jioni nilimweleza baba yake, kwa uhakika wa mtu aliyetoka chuoni juzi, kwamba mwanawe hasomi bali amekariri. Kwamba alikuwa amekariri ni kweli, lakini sikuyaona mengine yote ambayo mtoto yule alikuwa ameyajua tayari. Alijua kwamba katika kitabu yanayosema ni maandishi wala si picha. Alijua kwamba kidole huenda kutoka kushoto kwenda kulia, kisha hurudi kushoto kuanza mstari wa chini. Alijua hata kwamba maneno ya kitabu hayabadiliki kwa kubadilika msomaji, maana siku moja nilisema "akakimbia" mahali palipoandikwa "akatoroka", naye akanisahihisha mbele ya wenzake. Mtafiti wa New Zealand, Marie Clay, aliyeanza kuwachunguza watoto wa miaka 5 darasani katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba ujuzi wa namna hii ni sehemu ya kusoma kwenyewe, kama chipukizi lilivyo sehemu ya mmea. Ningekuwa nimemsoma wakati ule, ningempa baba wa mtoto yule habari tofauti.

Neno "utayari" nalo lina historia yake. Mwaka 1931, Mabel Morphett na Carleton Washburne, waliofanya kazi katika shule za mji wa Winnetka nchini Marekani, walichapisha matokeo yaliyowafanya waseme kwamba ni afadhali mtoto asianze kufundishwa kusoma mpaka afikie umri wa akili wa miaka 6 na nusu. Umri wa akili ni kipimo cha majaribio, si umri wa kuzaliwa, lakini kadiri miaka ilivyopita walimu wengi waliisahau tofauti hiyo wakabaki na namba peke yake. Namba hiyo ilitawala shule kwa miongo kadhaa, na bado inasikika katika kauli ya "mwacheni kwanza akomae". Mwaka 1937 mtafiti mwingine, Arthur Gates, alilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa njia tofauti, akaona kwamba mtoto ambaye angeshindwa katika darasa moja angeweza kufaulu katika darasa jingine lenye vifaa bora na mwalimu anayemfuata mtoto mmoja mmoja. Kwa maneno mengine, utayari hauko ndani ya mtoto peke yake. Ukiuliza kama mtoto yuko tayari kusoma, huna budi kuuliza pia anafundishwa kitu gani, kwa njia gani, na akiwa katika darasa la watoto wangapi. Nashangaa kwamba jibu hilo lina umri wa karibu miaka 90 na bado tunagombania namba.

Nirudi kwenye sikio, maana hapa ndipo moyo wa barua hii ulipo. Mwulize mtoto wa miaka 4 ni neno lipi lililo refu zaidi kati ya "simba" na "sisimizi", naye kwa kawaida atakujibu simba, kwa sababu simba ni mkubwa. Kwake neno na kitu ni kimoja. Hajawahi kupata sababu ya kuviachanisha. Mwambie aseme "kikombe", kisha aseme tena bila "ki", na huenda akakujibu "kijiko", kwa kuwa unapomwondolea kikombe anatafuta chombo kingine cha kushika. Mtoto huyu anaweza kuzijua herufi zote kwa majina, akaziandika hewani kwa kidole na kuziimba kwa mpangilio, lakini kusoma bado, kwa sababu herufi ni alama za sauti naye hajagundua kwamba maneno yana sauti ndani yake. Baada ya wiki kadhaa za kupiga makofi kwa kila silabi, za kutafuta nani katika darasa ana jina linaloanza kama "sahani", za kugeuza maneno nyuma mbele kwa mzaha, mtoto yule yule atakuambia "kombe" bila kusita, tena atacheka akigundua kwamba hilo nalo ni neno. Siku anapocheka ndiyo siku aliyoanza kuwa tayari. Mara nyingi siku hiyo hufika kabla hajatimiza miaka 5, na haihitaji penseli wala daftari.

Jambo hili halitokani na uzoefu wangu pekee. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Uingereza walichapisha utafiti ambao ndani yake watoto wapatao 400 wa miaka 4 na 5 walipimwa kabla hawajajua kusoma, wakitakiwa kutambua neno ambalo sauti yake haifanani na ya maneno mengine. Waliosikia vizuri tofauti hizo ndio walioelekea kusoma na kuandika vizuri miaka michache baadaye. Tena, kikundi kidogo cha watoto waliokuwa dhaifu kilifundishwa kuzipanga sauti, na waliofundishwa sauti pamoja na herufi ndio walioendelea zaidi. Naomba msomaji aitazame vizuri sehemu hiyo ya mwisho, kwa sababu inawagusa wale wanaotaka herufi zisionekane kabisa katika chekechea. Sauti peke yake husaidia, lakini sauti iliyopewa alama yake ya kuonekana husaidia zaidi.

Kwa mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili, jambo hili lina sura yake. Lugha yetu ina irabu tano, silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na kila herufi husomeka karibu sawa popote inapokaa. Ni neema kubwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto waliokuwa wanamaliza mwaka wa kwanza wa kujifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Watoto wa Ufini, Ugiriki na Ujerumani walisoma sawasawa takriban maneno 98 kati ya kila 100 waliyopewa. Wale wa Uskoti, waliokuwa wakisoma Kiingereza, walisoma 34. Ni kweli kwamba watoto wa Uskoti walikuwa wadogo kwa umri, lakini umri peke yake hautoshi kueleza pengo la namna hiyo. Kiingereza kimeandikwa kwa njia inayomtaka mtoto ajifunze kanuni kisha ajifunze mahali ambapo kanuni haifuatwi. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasichukue ushauri uliotungwa kwa ajili ya Kiingereza, wa kuharakisha au wa kuchelewesha, wakauweka juu ya mtoto wa Kiswahili kama ulivyo. Nawasihi pia walimu wasianze na majina ya herufi ya lugha moja na kusomesha maneno ya lugha nyingine. Mtoto aliyeambiwa kwamba herufi ya kwanza huitwa "ei", kisha akaonyeshwa neno "baba", ana haki zote za kusoma "beibei".

Neema hiyo ina mtego wake. Kwa sababu silabi zetu ni rahisi kuimbwa, ni rahisi vilevile kudhani kwamba anayeimba anasoma. Nilikuwa na mvulana aliyeweza kupita chati yote ya ukutani, kutoka ba, be, bi, bo, bu hadi za, ze, zi, zo, zu, bila kukosea hata mara moja, na wageni walipotembelea darasa nilikuwa nikimwita yeye. Siku moja nilifunika chati nikamwonyesha silabi moja tu, "mi". Alinyamaza, midomo ikacheza, na nikamsikia akinong'ona "ma, me, mi", kama mtu anayepanda ngazi kutoka chini kila anapotaka kufika kidato cha tatu. Alikuwa ameijua ngazi, silabi hakuijua. Tangu siku hiyo sikumwita tena mbele ya wageni, na nadhani sote wawili tulipumua.

Upo na mtego wa pili, ambao wanaosifu wepesi wa Kiswahili huwa hawautaji. Maneno yetu ni marefu, na maana yake imefungwa vipande vipande, mara nyingi ikianzia mwanzoni kabisa. Chukua neno "hatutawasumbua". Mtoto wa miaka 5 anayesoma silabi kwa silabi lazima azishike saba kichwani: ha, tu, ta, wa, su, mbu, a. Akili ya umri huo haina nafasi kubwa ya kuhifadhi vitu vingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo anapofika "mbu" mara nyingi "ha" imekwisha kumponyoka, na "ha" ndiyo inayokanusha. Atakuambia kwa furaha kwamba watasumbuliwa. Hapo mzazi husema mtoto hana makini, ilhali mtoto amefanya kazi ngumu kuliko aliyoifanya mzazi huyo siku nzima. Ongeza juu ya hayo kwamba "m" ya "mbwa" husimama peke yake kama silabi, na "m" ya "mbuzi" haisimami. Kwamba ritifaa ndogo ndiyo inayotofautisha "ng" ya "ngoma" na ile ya "ng'ombe". Na kwamba mtoto anayetamka kila silabi kwa uzito ule ule haoni neno mpaka atie mkazo mahali pake, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jambo hilo la mkazo halikuandikwa popote katika kitabu. Mtoto hulipata kwa kulisikia neno hilo likitumika. Mtoto mwenye msamiati mpana husoma "cha-nga-ra-we", akasita, kisha uso ukamchangamka: "Oo, changarawe!" Asiyewahi kulisikia hubaki na vipande mkononi, na hatumsaidii kwa kumwambia arudie.

Nimelikalia sikio kwa muda mrefu kwa makusudi, maana jicho na mkono huchelewa, na huko ndiko tunakowatesa watoto. Kwa mtoto mdogo, kikombe kilichoelekezwa kushoto na kikombe kilichoelekezwa kulia ni kikombe kile kile. Ubongo wake umejifunza hivyo tangu alipozaliwa, na umejifunza vizuri. Herufi ndicho kitu cha kwanza maishani mwake kinachobadilika jina kikigeuzwa: kitumbo cha "b" kikihamia upande wa pili, tunamwambia sasa ni "d", kikigeuzwa chini juu, ni "p". Kuzichanganya herufi hizo katika miaka 4, 5 na hata 6 ni jambo la kawaida, wala si dalili ya ugonjwa. Kuhusu mkono, kifundo chake kina mifupa midogo minane ambayo mtoto huzaliwa nayo ikiwa bado gegedu laini, na inakuwa mifupa migumu mmoja baada ya mwingine, wa mwisho ukianza kwa kawaida baada ya miaka 8. Tunapompa mtoto wa miaka 4 ukurasa mzima wa kunakili herufi moja, tunampima kwa chombo ambacho hakijakamilika, kisha tunampa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alilishughulikia jambo hili kwa werevu: aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti, na watoto wake wa miaka 4 na 5 waliunda maneno kwa herufi za kupangwa kabla ya kuweza kuyasoma. Si kila alilofundisha nakubaliana nalo, lakini kwamba vidole vinaweza kuijua herufi kabla ya penseli nimeliona mwenyewe mara nyingi.

Swali linalobaki ni kama mtoto anayeanza mapema anabaki mbele. Ufini, ambako shule ya lazima huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, hutajwa sana na wapinzani wa kusoma mapema, na hutajwa nusu nusu. Watoto wale hupitia kwanza elimu ya awali iliyojaa hadithi, nyimbo na michezo ya lugha, na wengi wao hufika darasa la kwanza wakizijua herufi. Hawakuachwa tu mpaka wakomae kama ndizi. Utafiti unaonisaidia zaidi ni wa Sebastian Suggate na wenzake kutoka New Zealand, uliochapishwa mwaka 2013. Walilinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wengine walioanza wakiwa na miaka 7. Walioanza mapema walitangulia, kama inavyotarajiwa, lakini kufikia takriban miaka 11 pengo la kasi ya kusoma lilikuwa limefungwa, na katika ufahamu wale waliochelewa walikuwa juu kidogo. Watoto hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo sitaki kuubebesha utafiti huo mzigo usiouweza. Unatosha kunituliza ninapomwona mzazi akilia kwa sababu mwanawe wa miaka 5 hajasoma na wa jirani amesoma.

Wakati huohuo shinikizo limezidi. Nchini Marekani, Daphna Bassok na wenzake walilinganisha walimu wa chekechea za umma wa mwaka 1998 na wa mwaka 2010. Mwaka 1998 asilimia 31 ya walimu waliamini kwamba watoto wajifunze kusoma katika chekechea. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 80. Watoto wenyewe hawakubadilika maumbile katika miaka 12. Walichobadilishiwa ni matarajio, na muda wa michezo, muziki na sanaa ukapungua. Huko huko, katika jimbo la Tennessee, watoto wapatao 3,000 kutoka familia zenye kipato kidogo waliomba nafasi katika madarasa ya awali ya serikali, na kwa kuwa nafasi hazikutosha, waliopata walipatikana kwa bahati nasibu. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza waliopata nafasi walikuwa mbele katika herufi na sauti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kufikia darasa la sita watoto hao hao walikuwa nyuma ya wenzao waliokosa nafasi, kimasomo na hata kinidhamu. Watafiti wanaendelea kujadiliana juu ya sababu, na sidai kwamba ni kusoma mapema kulikowaharibu. Nasema tu kwamba kuwa mbele mwezi wa mwisho wa chekechea si ushahidi wa kitu tunachodhani ni ushahidi wake.

Wapo pia wanaoumia bila mtu kukusudia. Katika darasa lenye tarehe moja ya kuandikishwa, mtoto mkubwa kuliko wote anaweza kumpita mdogo kwa karibu miezi 12, na kwa mwenye miaka 5 huo ni muda wa moja ya tano ya maisha yake yote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba, katika majimbo ambayo tarehe ya mwisho ni mwanzo wa Septemba, watoto waliozaliwa Agosti walipewa jina la kuwa na tatizo la kukosa utulivu na umakini kwa kiwango kilichozidi kile cha waliozaliwa Septemba kwa takriban asilimia 34. Hakuna maradhi yanayowachagua waliozaliwa Agosti. Ni watoto wadogo waliotakiwa kukaa kama wakubwa. Nikikumbuka wale niliowaandikia "hatulii" katika ripoti, natamani ningetazama kwanza tarehe zao za kuzaliwa.

Baada ya kusema hayo yote, sitaki wanaosema "tusubiri" wadhani nimehamia kwao. Kusubiri kuna wahanga wake, nao mara nyingi ni wale wasio na vitabu nyumbani, ambao hakuna anayewasomea hadithi, na ambao wakikosa lugha pana katika chekechea hawataipata kwingine kwa wakati. Wengine ni watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma, ambao tatizo lao kwa kawaida liko katika kuzipambanua sauti za maneno, na ambao dalili zao huweza kuonekana mapema katika michezo ile ile ya makofi na silabi kama yupo mwalimu anayetazama. Kumwambia mzazi wa mtoto kama huyo kwamba atakomaa tu, mwaka hadi mwaka, ni kumpotezea kipindi ambacho msaada ungekuwa rahisi. Wengine hawasikii vizuri, na hakuna aliyewapima. Na kuna watoto, si wengi, wanaosoma wenyewe wakiwa na miaka 4 kwa sababu wametaka. Hao wapewe vitabu, wala wasizuiwe kwa kuwa wenzao hawajafika.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa nini kiwe katika chekechea, ningesema hadithi kila siku, zisomwe kwa sauti na kujadiliwa, tena ile ile irudiwe wanapoiomba. Michezo ya sauti kwa dakika chache chache, si saa nzima. Herufi ziwepo, ziguswe, zipangwe, kila moja pamoja na sauti yake, na zianze na zile za jina la mtoto mwenyewe, kwa sababu hakuna neno analolipenda kuliko hilo. Udongo wa kufinyanga na mkasi vifanye kazi ya kuandaa vidole. Nisingeweka mtihani wa kusoma, wala orodha ya waliotangulia na waliobaki, wala kazi za nyumbani za kunakili. Anayesoma asome, na ambaye hajasoma ahesabiwe kuwa yuko njiani, mradi mwalimu aweze kusema yuko wapi katika njia hiyo: je, anasikia silabi? Anasikia sauti ya mwanzo? Anajua maandishi yanafanya kazi gani? Mwalimu asiyeweza kujibu maswali hayo kuhusu mtoto fulani hajui kama mtoto huyo yuko tayari, hata akiwa na alama zake zote daftarini.

Najua ugumu wa jambo hili kwa upande wa walimu. Mzazi anayelipa, au anayejinyima ili mtoto asome, anataka kuona kitu jioni, na ukurasa uliojaa herufi unaonekana, ilhali sikio lililofunguka halionekani ndani ya begi. Nilipokuwa kazini kuna wakati nilijaza madaftari kwa ajili ya wazazi tu, nikijua wazi kwamba mtoto hakupata chochote humo zaidi ya kuchoka. Baadaye nilianza kuwaalika wazazi wakae nusu saa darasani wakati wa michezo ya sauti. Mama mmoja, aliyekuja akiwa na malalamiko kuhusu daftari tupu, aliona mwanawe akiitenganisha "kandambili" katika vipande vyake vinne na kuirudisha pamoja, akacheka mpaka akasahau alilokuja nalo. Alipokuwa anaondoka aliniuliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi wa gazeti hili wangependa kuuliza: "Sasa, Mwalimu, mimi nifanye nini naye leo jioni?"

Nilimwambia amsomee ukurasa mmoja au miwili, apitishe kidole chini ya maneno polepole bila kumlazimisha afuate, na anapofika kwenye neno ambalo mtoto analijua kwa moyo, anyamaze amwache aliseme yeye. Akichoka, wafunge kitabu.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa chekechea